Maneno ya Rafiki za Ayubu

Katika mahubiri juu ya ukimwi twasikia mara nyingi maneno ya kitabu cha Ayubu, na hasa yale ya kwamba mtenda maovu huvuna alichopanda. Wahubiri huyatoa kana kwamba ni hukumu ya Mungu. Twaona hawakuangalia ni nani aliyeyanena.

Aliyeyanena ni Elifazi. Yeye na Bildadi na Sofari walikwenda kumfariji rafiki yao, wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, wasiseme neno; na kwa maoni yetu hizo ndizo siku walizofanya vema. Walipofumbua vinywa wakamtafutia kosa. Bildadi, katika sura ya 8, alithubutu hata kumwambia baba aliyefiwa kwamba wanawe waliuawa na dhambi zao. Lakini sura ya 42 yaeleza kwamba Mungu aliwakasirikia wote watatu, akawaamuru watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba, na Ayubu awaombee. (Elihu, aliyesema sura sita mfululizo, hatajwi pale hata kidogo.)

Basi mtu ayatwikaye maneno hayo juu ya mama mwenye virusi, au juu ya mtoto aliyevipata tumboni, au katika kuzaliwa, au katika kunyonya, ahubiri kwa kinywa cha watu waliokemewa. Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, alipotangaza mwaka 1992 kwamba anavyo virusi, akaendelea na huduma yake, wako waliotaka kwanza kujua alivipata wapi. Hilo ni swali la Elifazi.

Wengine hukosea kwa upande wa pili, wakisema kitabu chaahidi kupona, kwa hiyo mwenye imani aache dawa. Kumbe hakuna mstari utuambiao siku ambayo majipu ya Ayubu yalikauka. Azitumiaye dawa kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kitandani. Akiziacha, virusi hupata nguvu tena.

Yaliyoandikwa, nasi hatujayasikia yakihubiriwa, ni kwamba ndugu zake Ayubu, waume kwa wake, na wote waliomjua zamani, walikuja nyumbani mwake wakala chakula pamoja naye, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu.