"Mafuta ya Roketi": Istilahi Inayoficha Maana

Miongoni mwa istilahi zitumiwazo katika kutafsiri masomo ya roketi, hakuna iandikwayo kwa wepesi kama "mafuta ya roketi". Aghalabu mfasiri huitumia kwa kila kitu kinachojazwa katika matangi ya chombo hicho. Tunaonelea kwamba haifai. Kasoro yake haiko katika umbo, kwani ni Kiswahili safi, bali ni kwamba inaficha jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa fani hii hana budi kulijua.

Injini ya gari hubeba mafuta tu; oksijeni ya kuyachomea huipata hewani. Roketi hupanda hadi pasipo na hewa, kwa hiyo hulazimika kubeba vitu viwili: kile kiunguacho, na kile kitoacho oksijeni ya kukiunguza. Robert Goddard aliporusha roketi ya kwanza ya kimiminiko huko Auburn, Massachusetts, tarehe 16 Machi 1926, alitumia petroli pamoja na oksijeni iliyogeuzwa kimiminiko kwa baridi kali. Saturn V, iliyorushwa kati ya 1967 na 1973, ilichoma katika hatua yake ya kwanza aina ya mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, na kwa kila kilo 1 ya mafuta hayo ilitumia zaidi ya kilo 2 za oksijeni. Basi auitaye mzigo wote huo "mafuta" ameipa jina sehemu ndogo, na iliyo kubwa ameiacha bila jina.

Madhara yake hayaishii darasani. Oksijeni na mafuta au grisi havipatani: vikikutana ndani ya bomba au vali, moto huweza kuzuka ghafla. Mafundi wanaochomelea vyuma kwa gesi wanaijua kanuni hii, nao hawapaki grisi kwenye vali ya mtungi wa oksijeni. Mfasiri akiliita tangi la oksijeni "tangi la mafuta", atalitafsirije onyo kwamba tangi hilo lisiingie mafuta? Sentensi itajipinga yenyewe, na onyo litapuuzwa.

Tena istilahi hiyo haizifai hata roketi zisizo na kimiminiko. Setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Roketi hiyo ilijazwa mchanganyiko mgumu, usiomiminika. Kuuita "mafuta" ni kumpotosha msomaji.

Neno la pili linalotutia shaka ni "msukumo". Mara hutumika kwa kani inayoipeleka roketi, mara kwa mbano wa gesi ndani ya chemba ya mwako. Mambo haya mawili ni chanzo na matokeo. Gesi ya moto iliyobanwa katika chemba hupenya kwenye koo jembamba la nozeli, hutoka nyuma kwa kasi kubwa, nayo roketi husukumwa mbele. Yakiitwa kwa jina moja, mwanafunzi ataelezwa kwamba msukumo huleta msukumo.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) Fueli: kile kinachoungua, kiwe petroli, mafuta ya taa au hidrojeni.

(b) Kioksidishaji: kile kitoacho oksijeni ya mwako.

(c) Kisukumio: hivyo viwili kwa pamoja, viwe vimiminiko au vigumu. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi sukuma, kama vile chuja ilivyozaa kichujio.

(d) Msukumo: kani inayoipeleka roketi, basi. Mbano wa gesi uitwe kanieneo, kama inavyofundishwa katika fizikia.

Huenda ikasemwa kwamba "mafuta ya roketi" yamekwisha kuzoeleka. Ni kweli, na katika mazungumzo hayadhuru sana. Lakini kitabu cha kiada na mwongozo wa usalama havina ruhusa hiyo. Kabla ya kuipa istilahi muhuri, yatupasa tuulize kitu chenyewe kinafanya kazi gani. Jina litakalopingana na kazi hiyo likataliwe, hata likiwa tamu masikioni.