Mkaguzi na Nyumba ya Mtu Aliye Mbali

Mtanzania anayefanya kazi Muscat akitafuta nyumba ya kununua Mbezi Beach, hutumiwa picha. Sebule ina vigae vinavyong'aa, dari ni ya jipsamu, kuta zimepakwa rangi juzi. Akiomba, dalali atampigia kwa video na kumzungusha vyumba vyote. Bado simu haitampa harufu ya unyevu iliyojificha kabatini, wala ubaridi wa ukuta mmoja uliozidi wa mwenzake. Lazima mtu aende, na mtu huyo awe anajua kutazama. Ujuzi huo wa kutazama nyumba kwa niaba ya asiyeiona naupenda, na nadhani hatujausifu vya kutosha.

Tusiuchanganye na kazi nyingine zinazozunguka mauzo ya nyumba. Mthamini hukadiria thamani. Mwanasheria hufuatilia hati na kuuliza kama kuna deni la benki. Hali ya jengo lenyewe, kuanzia msingi hadi kofia ya paa, ni ya mhandisi wa majengo, na nchini Tanzania wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mnunuzi aliye mbali anaweza kuanza hapo: aulize namba ya usajili, kisha aithibitishe mwenyewe.

Akiwa mkaguzi mzuri, mhandisi huyo hufika asubuhi, jua likiwa bado chini. Mwanga unaopita ubavuni mwa ukuta hufichua mabonde na viraka vya plasta ambavyo jua la saa sita huvimeza. Kwanza huzunguka nje bila kugusa kitu. Anatazama maji ya mvua yanatoka wapi na yanaelekea wapi, kama ardhi inateremka kuikimbia nyumba au kuifuata, na kama kuna mti mkubwa karibu na msingi. Akishaijua nyumba kwa nje, ndani atajua pa kutafuta.

Halafu zinakuja nyufa, na hapa ndipo ninapouona ufundi wake waziwazi. Kwa mnunuzi, kila ufa ni tishio. Kwa mkaguzi, kila ufa una asili yake. Vijiufa vyembamba kama nywele, vilivyotapakaa ovyo, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka mno. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, unadokeza kwamba upande mmoja wa msingi umetitia kuliko mwingine, jambo linalotokea sana kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Ufa wima uliosimama pale chumba kipya kinapokutana na nyumba ya zamani husema kwamba kuta mbili zilijengwa nyakati tofauti bila kufungamanishwa. Na ule unaoanzia kwenye pembe ya dirisha humfanya aitilie shaka linta, na msingi pia.

Mhandisi anayesimamia jengo kwa miezi anaweza kuweka alama kwenye ncha za ufa, akaandika tarehe na kurudi kupima. Aliyetumwa mara moja hana miezi hiyo, kwa hiyo husoma umri wa ufa palepale. Rangi ikiwa imeingia ndani, ufa ulikuwapo kabla ya ukuta kupakwa. Rangi yenyewe ikiwa imepasuka na kingo ni safi, ukuta umesogea baada ya kupakwa. Kama rangi ni ya mwezi uliopita, mnunuzi anahitaji kujua habari hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Karibu na bahari, macho yake huhamia kwenye zege. Zege zima huzilinda nondo kwa ukali wa kemikali yake, lakini hewa huupunguza ukali huo taratibu, na chumvi huuvunja ulinzi huo hata pale ukali ungalipo. Nondo zikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hubanduka kutokea ndani. Mkaguzi hupita na nyundo ndogo akigonga nguzo na boriti. Penye uzima mlio ni mkavu na mkali. Pakiwa pameachana, mlio ni mtupu. Palipokwisha kumeguka, na mwenye nyumba akiridhia, hung'oa kipande kidogo na kunyunyizia pale palipovunjika upya kemikali iitwayo fenolifthaleini: zege ambalo bado lina ukali wake hugeuka rangi ya waridi, na lililopoteza ukali wake hubaki vilevile.

Kisha hupanda darini na tochi. Humo ndani fundi rangi hakufika, ndiyo maana nyumba husema kweli. Vijia vya udongo vya mchwa kwenye mbao za kenchi, duara la kahawia lililoachwa na maji, nyaya zilizotafunwa na panya, vitone vya mwanga vinavyopenya kwenye mabati: yote huyapiga picha, kila moja mara mbili, ya mbali kuonyesha mahali na ya karibu ikiwa na futi kamba pembeni kuonyesha ukubwa.

Kabla ya kuondoka hupita kwa jirani. "Shikamoo mama. Zile mvua kubwa, maji yalifika wapi hapa?" Mama huitikia marahaba, kisha huonyesha kwa mkono usawa ambao maji yalifika ukutani kwake. Hakuna kifaa kinachoweza kumpa mkaguzi jibu hilo kiangazi.

Nusu ya pili ya ufundi ni ripoti, na mimi naiona ngumu kuliko ya kwanza. Ripoti nzuri hutenganisha alichokiona kwa macho, alichokipima, anachokikisia, na alichoshindwa kukifikia. "Msingi haukufukuliwa. Chumba cha stoo kilikuwa kimefungwa." Sentensi kama hizo zinaweza kumpunguzia sifa mbele ya mteja asiyeelewa, naye huziandika. Kisha hupanga kasoro kwa uzito: ya kurekebishwa kabla ya mtu kuhamia, ya kurekebishwa mwaka huu, na ya kuangaliwa tu.

Kazi hiyo inadai uhuru. Mkaguzi alipwe na mnunuzi, si na dalali wala muuzaji, na apewe siku nzima badala ya saa moja. Mnunuzi naye asimwombe amwambie anunue au asinunue. Paa linalovuja linaweza kuwa sababu ya kujitoa, au ya kupunguziwa bei na kutengeneza. Uamuzi huo ni wa mwenye fedha, na mkaguzi aliyefanya kazi yake vema humwezesha kuuchukua akiwa Muscat kwa ujuzi uleule ambao angekuwa nao kama angesimama mwenyewe chini ya paa hilo.