Ukipata sifuri ukitafuta Iran, usifunge ukurasa

Karibu kila anayeanza kusoma historia ya Iran huelekezwa kwenye Encyclopaedia Iranica. Ni sawa kabisa. Ilianzishwa na Ehsan Yarshater katika Chuo Kikuu cha Columbia, na makala zake unazisoma mtandaoni bila kulipa. Mimi huanzia mwisho wa makala, kwenye orodha ya marejeo, maana hapo ndipo kazi yako inapopata miguu.

Ila usiichukulie kama msahafu. Ilichapishwa kwa kufuata alfabeti, na majalada ya kwanza yalitoka miaka ya 1980. Kwa hiyo makala ya herufi A inaweza kuwa na umri kunizidi mimi, na huku herufi za mbele mapengo bado yapo. Tazama tarehe ya makala kabla hujainukuu.

Tatizo jingine ni kwamba ili upate makala ya peke yako humo, lazima uwe mtu mwenye jina. Mfalme, mshairi, mwanazuoni. Mwanamke wa kawaida aliyeolewa Tehran mwaka 1880 utampata wapi?

Hapo ndipo ninapoisifu Women's Worlds in Qajar Iran, hifadhi ya Harvard iliyoongozwa na mwanahistoria Afsaneh Najmabadi. Wenzake na yeye walizifuata familia, wakapiga nakala za walichotunza kabatini: barua, picha, wosia, hati za ndoa za enzi ya Qajar, ukoo uliotawala hadi 1925. Hati ya ndoa inakuonyesha mahari imeandikwaje na nani alishuhudia. Unaweza kutafuta kwa mtu, mahali au aina ya kitu, na maelezo yako kwa Kiajemi na Kiingereza. Kasoro ipo: karatasi hutunzwa na wenye nyumba ya kuzitunzia. Mtumishi wa nyumba hiyohiyo unamwona pembeni ya picha tu, kama yumo.

Sasa ile sifuri. Wengi wetu tunaandika Kiajemi kwa kibodi ya Kiarabu iliyoko kwenye simu. Herufi kaf na ya za lugha hizi mbili zinakaribiana mno kwa macho, lakini kwa kompyuta ni herufi tofauti, kila moja na namba yake. Mfumo usioziunganisha unakujibu kwamba hakuna kitu, na wewe unaandika kwenye tasnifu kwamba "vyanzo ni haba". Weka kibodi ya Kiajemi. Ni dakika mbili, na utapata pia p, ch na g ambazo Kiarabu hakina.

Na miaka je? Mapinduzi ya Februari 1979, kwa kalenda ya Iran ni ya 1357. Ukitafuta magazeti yao ya wakati huo, andika 1357.