Silikanti: Irabu Iliyopotezwa Bila Sababu

Jina silikanti, linalotumiwa Tanzania kwa samaki wa kale ambaye hifadhi yake ya bahari ilianzishwa Tanga mwaka 2009, limekosewa hasa katika silabi ya pili, na kosa hilo si la Tanga pekee, kwani jina likishasanifiwa huweza kuwafikia wavuvi wa pwani yote ya Waswahili, hata wa Koyama, Chula na Kismayo huko Somalia.

Tulinganishe na Kifaransa, ambacho huandika cœlacanthe, ambapo œ hutamkwa kama e na c kama s, e ya mwisho haisikiki, na n huipeleka puani irabu iliyoitangulia; hivyo neno huwa na silabi tatu, se-la-kant, na mkazo, yaani nguvu ya sauti, huiangukia ya mwisho. Kiswahili, kinachopendelea silabi wazi, yaani zinazoishia kwa irabu, kiliongeza i mwishoni, na ka ikapata mkazo kama katika Kifaransa. Hapo kazi ilifanywa vizuri.

Se imegeuzwa si kwa kufuata Kiingereza, lakini iliyoharibiwa zaidi ni la. Irabu yake ni a ya kwanza ya akantha, neno la Kigiriki lenye maana ya mwiba, lililounganishwa na koilos, yaani chenye uwazi ndani, kwa sababu ya miiba ya mapezi iliyo mitupu kama mwanzi. Kiingereza, ambacho huweka mkazo mwanzoni mwa neno hili, huififisha irabu hiyo isisikike sawasawa, na inaelekea aliyelisanifu jina aliifuata sauti hiyo hafifu akaiandika i, akazua silabi li isiyomo katika Kigiriki, Kifaransa wala Kiingereza chenyewe.

Ugonjwa ni uleule wa haidrojeni, iliyobeba hai- ya Kiingereza ilhali hydrogène ya Kifaransa ingetoa hidrojeni bila taabu. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939 ilizipambanua lahaja, Kitikuu cha Wabajuni kikiwemo, aliipa kila sauti haki yake; warithi wake wa leo hutosheka na sikio la haraka.

Utetezi wa wepesi wa kutamka haupo, kwa kuwa kinywa kinachosema salama hakishindwi na se-la. Chapa zijazo za vitabu na kamusi ziandike selakanti.