Shamba Moja kwa Misimu Miwili: Hesabu ya Maji ya Rufiji

Mtu aliyeliona bonde la Rufiji mwezi wa Aprili, maji yametanda na mitumbwi yapita kwa upondo juu ya mahali palipokuwa njia, akirudi mwezi wa Agosti hupata taabu kusadiki kwamba yu mahali pale pale. Kwani penye maji sasa pana mahindi mabichi, yamestawi katikati ya kiangazi, wala hapana mfereji wala pampu. Safari hii ya pili niliikusudia, maana wasafiri wengi hulipitia bonde mara moja tu, wakasimulia ama gharika ama rutuba, na hesabu inayoviunga viwili hivyo ikawapita.

Hesabu yenyewe huanza na mpunga. Hupandwa kwa mvua za Desemba na Januari, mto ungali chini, kusudi mche uwe umekwisha kupata kimo maji yatakapofika, aghalabu Machi au Aprili; na maji hayo si ya mvua ya Utete wala Ikwiriri, miji ya bondeni humu, bali hushuka kutoka nyanda za mbali, zaidi ya nusu yake kwa njia ya mto Kilombero. Yakipanda taratibu, mpunga hurefuka pamoja nayo. Yakiwahi, au yakija kwa ghadhabu, huzama ukaoza.

Lakini gharika iliyouangamiza mpunga ndiyo hiyo hiyo iliyotandaza unyevu na tope jipya hadi mbali, na maji yanapopwa mkulima huyafuata nyuma, akipanda mahindi na kunde katika kila ukanda unaofunuka. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Kwenye ukingo wa bwawa moja lililokuwa likinywea nilimtazama bibi mmoja akipanda: aliukwangua kwa jembe udongo wa juu uliopasuka kwa jua, akachimba mpaka penye udongo mweusi wenye ubaridi, akadondosha punje, akazifukia kwanza kwa ule mbichi, kisha akarudishia mkavu juu yake ili unyevu usitoroke. Kila siku zikipita shimo huzidi kina. Basi hasara ya zao la kwanza huongeza eneo la zao la pili, na sijui bima iliyotungwa kwa busara kuliko hiyo.

Mpango huu hutaka mtu awe karibu na shamba, na ndiyo sababu ya dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo watu hukaa maji yakipita chini yao na kuwazuia nguruwe na ndege wasile mpunga. Operesheni ya serikali ya mwaka 1968 iliwahamishia wakazi kwenye miinuko, mbali na mashamba. Wengi walirudi madunguni kila msimu, jambo ambalo halikupasa kumshangaza yeyote.

Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere, lililozuia mto juu ya bonde hili, lilipoanza kujazwa, mto umekuwa na malango, na sehemu ya tope hubaki nyuma ya ukuta. Hata hivyo mafuriko ya 2024 yalilifikia bonde. Mkulima wa mlau hahitaji mto usiofurika kabisa. Ahitaji furiko la kadiri, lenye tarehe, na tarehe hiyo itangazwe kabla ya Desemba, mbegu ya mpunga ingali ghalani.