Napanda, Nao Unapanda

"Umepanda?" bibi jirani aliniuliza asubuhi moja, akichungulia juu ya ukuta unaotenga nyua zetu, huku Chumbageni mjini Tanga.

"Nimepanda, bibi. Tangu juma lile."

"Sikuulizi wewe, mwanangu. Nauliza huo mmea."

Tangu siku ile neno kupanda halijatulia kinywani mwangu. Kiswahili kimelipa kazi mbili, ya mkono unaofukia mbegu na ya mmea unaoukwea ukuta, wala hakikuona haja ya kuzitenganisha. Huu ni mwaka wa kumi na moja naotesha maua yatambaayo kwa mbegu, na naona lugha ilisema kweli. Kupanda kwangu ni kipande cha mwanzo tu cha tendo. Kinachobaki ni cha mmea, na ufundi wote wa kazi hii ni kujua mpaka uko wapi.

Mmea aliouulizia bibi ni ule wa maua ya buluu, jamaa ya kunde na choroko, ambao jina lake la kitaalamu limebeba kisiwa cha Ternate huko Indonesia. Wengi hapa mjini hupenda vipandikizi: unaomba tawi la bogenvilia kwa jirani, unalichomeka, basi. Sivilaumu, nami ninavyo. Lakini kipandikizi hukupa mmea uleule wa jirani ukiwa umeshaanza safari. Mbegu hukurudisha pale mmea wenyewe unapoanzia, na pale ndipo penye mambo.

Mbegu hii ni kubwa kidogo kuliko choroko, ya kahawia yenye madoadoa, na ganda lake halipitishi maji. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilifukia mbegu kumi na mbili, nikamwagilia kutwa mara mbili, zikaota mbili. Nikaamini nimeuziwa mbegu mfu. Masika ya mwaka uliofuata, wakati nimekwisha kupasahau pale mahali, zikachomoza nyingine nne. Hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimefunga mlango. Katika nchi ya misimu mmea hauwezi kuziachia mbegu zake zote kwa mvua moja. Ikinyesha mvua ya kudanganya, kisha jua likarudi, ukoo mzima utakauka. Basi maganda yake hayalingani kwa ugumu, na mbegu hufunguka kwa zamu, nyingine mwaka huu, nyingine mwakani.

Siku hizi nazifungulia kwa msasa. Nasema karatasi ya seremala, ingawa wazee wanajua kwamba msasa ni mti, ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumika kusugulia mbao kabla karatasi haijaja kurithi jina. Naishika mbegu kati ya kidole gumba na cha shahada, kitovu chake kikiwa upande wa ngozi yangu, nasugua mgongo mara nne au tano mpaka rangi hafifu ya ndani ianze kuonekana. Hapo naacha. Ukizidisha unajeruhi kiini, na mbegu yenye jeraha huoza kabla ya kuota. Magharibi nazitia katika kikombe cha maji. Alfajiri, kabla ya chai, namimina kikombe kiganjani: zilizokunywa maji zimevimba karibu mara mbili, zimelainika, zilizokataa zimebaki ndogo na ngumu kama kokoto, nazo zinarudi kwenye msasa. Sina saa nyingine ya bustani ninayoipenda kama hiyo, nimesimama uani gizani nikitenganisha kwa ncha za vidole zilizoamka na zilizolala.

Zikifukiwa nusu ya kiungo cha kidole, huku kwenye joto letu huchomoza siku ya tano au ya sita. Mzizi mkuu wa mche hushuka wima upesi na hauvumilii kuhamishwa, kwa hiyo napanda palepale utakapoishi. Nikilazimika kuatika kwenye viriba, nakipasua kiriba kwa wembe na kuushusha udongo wote kama ulivyo.

Kisha kamba. Mimi natumia ya katani, nami naitetea mbele ya yeyote mwenye kamba ya nailoni. Nailoni inateleza, mmea unajizungusha, upepo wa kusi unapiga, asubuhi unaukuta umeshuka na kujikunja chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba ya kuanikia. Katani ina vinyweleo vinavyoushika. Na msimu ukiisha unakata vyote pamoja, mmea na kamba, vikaoze kwenye shimo la mboji. Tena ni kamba ya kwetu, japo mkonge wenyewe ulikuja kama mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika Tanga 62 tu iliyo hai. Nikiufunga uzi kwenye msumari huwa naikumbuka hiyo 62.

Kamba ikishafungwa, yanakuja yale ambayo sikuyajua mpaka nilipokaa kuyatazama. Ncha ya mmea haiendi juu moja kwa moja. Inainama kando, inaning'inia hewani, na inazunguka, polepole mno kwa jicho, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza akitafuta mlango. Charles Darwin, akiwa mgonjwa asiyetoka chumbani mchana wala usiku, aliweka karibu naye chungu cha hopu, mmea unaotiwa kwenye bia, akawa anapima mwendo wake. Siku za joto ncha ilimaliza mzunguko kwa wastani wa saa mbili na dakika nane. Mwaka 1865 akachapisha utafiti mrefu juu ya mimea itambaayo. Kila ninapofikiria chumba kile na chungu kile, namwona mtu aliyekuwa na subira ya kutosha kuamini kwamba kitu kinachoonekana kimesimama kinatembea.

Mimi subira hiyo sikuwa nayo. Mche wangu ulipoikosa kamba siku mbili mfululizo, niliushika na kuuzungushia kamba kwa mkono wangu, mara tatu, vizuri kabisa. Kesho yake ulikuwa umejifungua wote na kulala pembeni. Nikauzungusha tena, ukajifungua tena. Bibi alinitazama kutoka kwake.

"Unausokota kinyume, mwanangu. Hebu tazama dodoki langu, nani kalifunga?"

Nilikuwa nausokota kinyume kweli. Ukitazama kutoka juu, mmea huu hupanda ukizunguka kinyume cha mishale ya saa, na ndivyo ifanyavyo takriban tisa katika kila mimea kumi izungukayo, iwe kusini ya Ikweta au kaskazini. Toka siku hiyo naisogeza kamba iifuate ncha, siivuti ncha kuifuata kamba.

Dodoki la bibi ni fundi wa namna nyingine. Lenyewe hurusha vikono, vijiuzi vyembamba vinavyoshika fito ya chanja, kisha vinajikunja kama waya wa simu ya mezani ya zamani. Tazama kikono kimoja kwa makini: nusu imejikunja upande mmoja, nusu upande wa pili, na katikati kuna kipande kifupi kilichonyooka. Kwa kuwa ncha zote mbili zimeshikwa, hakuna njia nyingine ya kujikunja. Upepo ukija, kinanyumbuka, hakikatiki.

Hapa nina jambo linaloniuma. Ukipanda milima ya Usambara utaona kwenye nyua na kingo za njia mmea mwembamba wenye maua ya rangi ya chungwa, kila ua na jicho jeusi katikati. Asili yake ni Afrika hii yetu. Ulaya mbegu zake huuzwa kwa pakiti, watu huzitunza dirishani wakati wa baridi ili wapate maua ya miezi michache. Huku tunaufyeka kama gugu, halafu tunalipia maua ya kigeni barabarani. Nimechuma mbegu zake, vifuko vyenye mdomo kama kichwa cha ndege, na sasa umefika kwenye lango langu. Wageni husimama kuuliza nimeutoa nchi gani.

Ua la buluu hufunguka takriban wiki ya saba. Limegeuka juu chini ukilinganisha na la kunde: petali kubwa iko chini, limelala chali, na halidumu zaidi ya siku moja. Bibi huyakausha maua haya, akiyatia maji ya moto kikombe kinakuwa buluu kama wino, na tone la ndimu linakigeuza zambarau. Anapenda kuwafanyia wajukuu.

Maganda yakikauka nayakusanya kwenye bahasha ya karatasi na kuining'iniza karibu na mlango wa jikoni. Adhuhuri, jua likikolea, yanajisokota na kupasuka humo ndani: tak, kimya, tak. Juzi nilipokwenda kuitungua bahasha niliikuta ina tundu pembeni. Chini, kwenye ufa kati ya kinu na ukuta, mahali ambapo sikupanda kitu, mche wa urefu wa kiganja ulikuwa umeinama kando, ncha yake hewani, ukizunguka. Nikaingia ndani kutafuta kamba.