Jina Halina Uzito

Fundi ninayemsifu hapa ana kibanda kilichobanwa kati ya duka la madaftari na muuza chipsi, na haamini majina ya faili. Mteja humletea laptopu iliyojaa pomoni huku akiapa kwamba ndani hamna kitu: "Picha tu, fundi, na barua za vikao." Fundi habishani. Hufungua diski C, akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: size:>500MB. Kisha hukunja mikono, akasubiri.

Majibu yakianza kushuka, kwanza huyapanga kwa safu, kwa kuwa Windows hupenda kuyamwaga kama vichwa vya magazeti na kuusukumia ukubwa pembeni. Akibofya kichwa cha safu ya ukubwa, faili nzito hupanda juu, na siri za nyumba zikaanza kutoka. Siku moja ilitokea video ya harusi, nakala tatu kwa majina matatu, uzito umelingana hadi KB ya mwisho. Mwenye pupa angefuta mbili papo hapo. Yeye alizifungua zote tatu, akazitazama mwanzo, kati na mwisho. Uzito sawa kwake ni ushahidi, si hukumu.

Mimi safu hiyo nimeifahamu kwa aibu. Tasnifu yangu ilikuwa na nakala kadhaa ndani ya flashi: Mwisho, Mwisho2, Mwisho Kabisa, Mwisho Halisi. Nikamtumia msimamizi wangu ile yenye jina la kujiamini kuliko zote. Ilikuwa KB 0. Alinipigia simu kuuliza kama siku hizi naandika kwa wino usioonekana.

Mizani hii ina kasoro zake. Folda haipewi uzito. Nafasi yake kwenye safu huachwa wazi, mpaka uiamuru kompyuta iingie ndani ikahesabu. Kero ya namna hiyo ilimfika Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 1990: diski moja ya MB 80, watumiaji 14, imejaa, na haikuwa rahisi kuona nafasi imeliwa na nini. Akabuni ramani ya mistatili, kila faili ikipewa eneo kwa kadiri ya uzito wake.

Halafu kuna ugomvi wa vipimo. Ukinunua diski ya TB 1, Windows itakuonyesha GB 931, nawe utataka kurudi dukani na maneno makali. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Mac nayo imehamia upande wa 1,000 tangu 2009. Waliowahi kuuza viazi kwa lumbesa hawatashangaa kwamba gunia ni moja na vipimo ni viwili.

Jioni ile ya video ya harusi, mteja alikwisha kulipa na kusimama. Fundi akamwomba akae kidogo. Alifuta maneno yake kwenye kisanduku, akaandika upya: size:empty. Nikamuuliza faili tupu hizo za nini, maana hata zikifutwa zote diski haipati nafasi.

"Najua," alisema, macho kwenye kioo. "Lakini kuna mtu anadhani anazo."